Mtani wa Bwana Kamba

Mwaka ule mvua ziliaga mapema. Kabla hata ya sikukuu ya Petro na Paulo, visima vya mtaa wa Ng'ambo, Tabora, vilikuwa vimeanza kutoa matope, na watu wakawa wanategemea bomba moja tu, lile lililosimama ukutani pa duka la Champaklal. Wakubwa wa mji walilifunga bomba hilo kwa koki ya chuma, na koki yenyewe haikufunguka ila kwa ufunguo mmoja mzito, uliokuwa ukining'inia kiunoni mwa Justus Lugembe kwa ukanda wa ngozi.

Justus alikuwa Mnyamwezi wa makamo, mrefu, mwembamba, mwenye ndevu chache zilizoanza kuingia mvi. Zamani za vita ya Mjerumani alibeba mizigo ya Waingereza mpaka miguu ikafura, na tangu hapo alikuwa kibarua tu: leo mfereji, kesho barabara. Watu walimwita "wewe", au "yule mrefu". Lakini tangu siku alipokabidhiwa ufunguo, hata wake za makarani walimwita Mzee Justus na kumwamkia shikamoo. Alikwenda na ufunguo huo kanisani Jumapili, akapiga nao magoti, ukagonga benchi, watu wakageuka. Mkewe Josepha alimwuliza kama anadhani Mungu naye ana kiu.

Aliyempa ufunguo ni Bwana wa maji wa mji, Mwingereza ambaye watu walimpa jina la Bwana Kamba, kwa sababu hakutembea bila kamba yake ya kupimia ardhi. Siku ya kumkabidhi alisema maneno machache, na mpishi wake Alois akayatafsiri. Kila mtu achote kwa zamu yake. Asiwepo mkubwa wala mdogo. Siku zamu itakapovunjika, ufunguo utakwenda kwa mtu mwingine. Maneno hayo yakaandikwa pia kwenye kibao, kikapigiliwa misumari juu ya bomba. Justus, aliyejifunza kusoma jioni kwa mapadre akiwa na umri wa kuwa na wajukuu, alikisoma kibao kile kila asubuhi kama anayesali.

Basi asubuhi ya kwanza, wanawake walipokwisha kupanga madebe yao toka bombani hadi kwenye kona ya barabara, ulikuja mkokoteni wenye pipa. Aliyeusukuma ni Ngollo, kijana wa Kigwa mwenye mabega mapana na maneno machache. Hakusimama nyuma. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele, akaweka pipa chini ya koki.

Justus alimwonyesha kibao. Ngollo alisema yeye hajui kusoma, na pipa ni la maua ya Bwana Kamba. Justus akafurahi kusikia hivyo, akasema kama ni pipa la mwenye sheria mwenyewe, basi ndilo lingefaa kuonyesha mfano. Ngollo akarudi nyuma ya mstari bila ugomvi. Jua likapanda, zamu yake ikafika karibu na adhuhuri.

Jioni Bwana Kamba alikuja mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema waridi zake zimenyauka, na kwamba mtu aliyepewa ufunguo amepewa ili atumie akili. Justus akauliza kwa adabu habari za kibao. Bwana akakitazama kibao kana kwamba ni mara ya kwanza kukiona, akasema kibao kinasema kila mtu, na pipa si mtu.

Jambo hilo Justus alilala nalo. Pipa si mtu, ni kweli. Kesho yake akalitanguliza pipa, na wanawake waliponung'unika akawaeleza kama alivyoelezwa. Alikuwapo mwanamke mmoja jina lake Koleta, mjane, muuza vitumbua, mwenye ulimi usiolala. Aliuliza kama hayo ni maneno ya Justus au ya serikali. Akajibiwa ni ya serikali. Koleta akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, na siku ya pili alikuja na wanawe wakiviringisha pipa la kuazima, wakapita madebe yote, wakasimama chini ya koki.

Justus akafungua. Afanyeje? Pipa si mtu.

Wake za makarani waliposhitaki, Bwana Kamba alikuja tena, safari hii uso umeiva. Aliuliza pipa lile lilikuwa la nani. Justus akasema la Koleta.

"Koleta ni mtu," Bwana alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe, na akaondoka.

Justus alibaki ameshika ufunguo, akijaribu kuyaunga maneno hayo mawili. Pipa la Koleta lilikuwa na Koleta ndani yake, tuseme. Na pipa la Bwana, je, halikuwa na Bwana? Au Bwana naye hakuwa mtu? Wazo hilo lilimtisha akaliacha. Alichojua ni kwamba amekwisha kuonywa mara mbili, moja kwa kushika sheria na nyingine kwa kuilegeza, na ufunguo hauna mara nyingi za kuonywa.

Sasa, pale kwenye baraza ya duka la Champaklal alikaa fundi cherehani mmoja Mzaramo, mzee Mwinshehe. Alikuja Tabora kwa gari moshi siku za Mjerumani akisema atakaa mwezi mmoja, na hakuondoka tena. Kila mtu anajua kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani huo ulizaliwa njiani, babu zetu walipobeba pembe mpaka Bagamoyo, wakapita nchi ya wenzao, wakagombana nao, wakafa njaa pamoja, wakazikana. Mtani hukutukana na wewe hukasiriki. Huchukua kitu chako mbele ya macho yako, na hupeleki shauri popote. Utakikomboa kwa alitakalo, basi.

Kila asubuhi Mwinshehe aliinuka kwenye cherehani yake na birika la udhu mkononi, akapita mstari mzima akiburuta makubazi.

"Punda wangu," alimwambia Justus, "fungua. Babu yangu alimtwika babu yako pembe pale Bagamoyo, na mpaka leo mzigo haujafika."

"Ungefika vipi na chakula cha njiani mmekila ninyi?" Justus alijibu. "Mla nazi mkubwa. Kwenu maji yamejaa mpaka baharini, umekuja kuomba birika huku kwenye vumbi."

"Siombi. Mtu haombi kwa punda wake."

Wanawake walikuwa wakicheka, hata wale waliokuwa wamesimama tangu alfajiri, na birika likajazwa. Hakuna aliyenung'unika. Ndipo siku moja Justus akashtuka na ufunguo mkononi. Mwinshehe anavunja zamu kila siku, waziwazi, na matusi juu. Pipa la Bwana nalo linavunja zamu kila siku. Mbona kwa mmoja watu wanacheka na kwa mwingine wanauma meno?

Alilifikiri jambo hilo mchana kutwa, akafika nalo nyumbani. Wakati Josepha anapakua ugali na mlenda, Justus alimweleza alivyokwisha kulitatua. Alisema yeye mwenyewe alitembea na Waingereza katika vita, toka hapa mpaka kule kusini. Walilala njaa pamoja. Ofisa mmoja alikunywa maji katika kibuyu chake bila kuomba, na Justus hakukasirika. Je, utani wa Wazaramo ulianza vipi kama si hivyo hivyo? Kutembea, kugombana, kushinda njaa, kuzikana. Mtu anayechukua chako mbele ya macho yako na huwezi kumshitaki popote, huyo si mtani ni nani?

Josepha alimtazama. Alikuwa mwanamke wa kusema neno moja na kulinywea maji.

"Mtani hachukui tu, baba Leonia," alisema. "Mtani naye huchukuliwa."

Justus aliacha tonge njiani. Kumbe ndilo kosa lenyewe! Yeye alikwenda kwa Mwinshehe mwezi uliopita, akatwaa kofia yake mpya iliyotundikwa barazani, akavaa, akaondoka nayo polepole, na Mwinshehe hakurudishiwa mpaka alipotoa kuku. Ndiyo maana mambo yao yalikuwa sawa. Lakini kwa Bwana Kamba, tangu aanze kutaniwa hajawahi kujibu hata mara moja. Ni uvivu wake mwenyewe. Huenda Bwana naye anamshangaa.

Josepha aliona macho ya mumewe yakiwaka, akasema hakuwa na maana hiyo. Lakini maneno yakishatoka kinywani ni ya aliyeyasikia.

Jumapili baada ya misa Justus alivaa shati lake jeupe, akaenda nyumbani kwa Bwana Kamba, mchana kweupe, kwa njia ya mbele, kwa sababu mtani hapiti nyuma kama mwizi. Bwana alikuwa barazani na mkewe, wanakunywa chai. Chepeo lake jeupe la jua lilikuwa juu ya kiti kitupu. Justus alipanda ngazi, akaamkia vizuri, akalichukua chepeo, akalivaa.

"Mtani," alisema, "leo umevuliwa."

Akashuka ngazi, akaenda zake polepole kama desturi inavyotaka, ili mwenye mali apate kumfuata.

Aliyemfuata alikuwa Alois mpishi, anakimbia huku amebeba kitambaa cha sahani. Alimshika Justus mkono karibu na lango, akamwuliza kama amelewa, na kama anajua watu wanafungwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Justus akamweleza taratibu, tangu safari za Bagamoyo mpaka kibuyu cha ofisa. Alois utani aliujua, nani asiyeujua? Lakini aliujua wa watu. Mwishowe akaona afadhali utani kuliko wizi, akarudi barazani kumweleza Bwana kwa Kiingereza, na maelezo yalikuwa marefu, mikono ikienda huku na huku.

Justus aliitwa. Alisimama chini ya ngazi na chepeo kichwani, likimfika masikioni. Bwana alimwuliza, na Alois akatafsiri: Je, ni kweli kwamba katika desturi hii mtu akichukuliwa chake hakasiriki? Ni kweli. Wala hashitaki kwa jumbe, wala kwa liwali? Hashitaki. Na mtu akimkatia njia mwenziwe au akamtangulia mahali, ni mchezo tu? Justus akasema si mchezo, ni heshima.

Bwana Kamba akacheka mpaka akafuta macho. Alimweleza mkewe, mkewe naye akacheka. Akasema amesikia desturi nyingi za nchi hii, lakini iliyo nzuri kama hii hajapata kuisikia.

Justus moyo ulimwelea kwa furaha. Akataja fidia ya kukomboa chepeo: pipa lisimame kwa zamu. Alois alianza kutafsiri, lakini Bwana alikuwa amekwisha kuinuka na kuingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti wenye picha ya farasi, akamwekea Justus mkononi kwa mikono miwili. Mbele ya mkewe Bwana, mbele ya Alois, Justus hakujua namna ya kukataa. Alivua chepeo, akalirudisha. Alipofika njiani ndipo alipotambua kwamba mali ikishapokewa, kitu kimekombolewa.

Habari zilifika bombani kabla yake. Koleta alikula biskuti mbili kabla ya kusema neno.

"Tamu," alisema. "Mzee Justus, umeuza zamu zetu kwa biskuti, lakini ni tamu."

Kesho yake asubuhi Ngollo alikuja na mapipa mawili. Aliyapanga chini ya koki, akasimama akitazama vidole vyake vya miguu.

"Bwana anasema," alitamka polepole kama mtoto aliyekaririshwa, "'Mtani, fungua.'"

Justus alifungua. Mtani hakataliwi. Na kukasirika hakukasirika, au tuseme alijikataza. Akasema moyoni kwamba dawa ipo, naye ataifuata. Mchana huo huo alikwenda tena kwa Bwana Kamba kuchukua chake. Langoni alikuta mbwa mkubwa amefungwa kwa mnyororo, na barazani hapakuwa na chepeo wala kikombe. Alois alimtokea pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Bwana anamsalimu sana mtani wake, ila ameagiza hivi: utani ni wa bombani, nyumbani kuna kazi.

Justus alirudi akihesabu mambo kichwani, na kila akihesabu yalimpotea. Utani wa mahali pamoja? Utani wenye mbwa? Akadhani labda ndivyo ulivyo wa Kizungu, kama chai yao ambayo haina mahali pa kuchovya muhogo. Lakini Mwinshehe hakuwa na mbwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mapipa mawili yalichukua asubuhi nzima. Mke wa karani mmoja alipoona mapipa yanatangulia, naye akatangulia. Wa pili akamfuata. Watu wa Itetemia waliotoka mbali wakaona kusimama nyuma ni ujinga, wakavamia. Debe likagonga debe, mtungi ukavunjika, wanawake wawili wakashikana nguo. Bwana Kamba akapita na motokaa yake, akaona. Alisimama, akamwita Justus dirishani, akamwambia bila hasira kwamba mstari umevurugika, na kwamba atangoja mpaka mwisho wa juma. Ukiwa bado hivyo, atamtafuta mwingine wa kushika ufunguo. Kisha akainua chepeo lake kidogo, akasema, "Mtani," akaenda.

Justus alibaki katika vumbi la motokaa. Mstari unavunjwa na mapipa. Mapipa ni ya Bwana. Bwana ndiye atakayempokonya ufunguo kwa sababu mstari umevunjika. Na juu ya yote hayo hakuwa na ruhusa ya kukasirika, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa miguu yake kumwambia Bwana kwamba ni watani. Jioni hiyo alikaa mlangoni pake akausugua ufunguo kwa mchanga mpaka ukang'aa. Josepha alimwona akamwacha.

Mwinshehe alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye baraza, mguu wake kwenye cherehani, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alhamisi ile, Ngollo alipokwisha kupanga mapipa yake mawili chini ya koki na kusema maneno yake ya kukariri, Mwinshehe aliinuka kama kawaida akaburuta makubazi yake. Lakini mkononi hakuwa na birika. Alikuwa na mkasi.

Alifika karibu na Justus kama anayetaka kumnong'oneza, akaingiza mkasi kiunoni, akakata ukanda wa ngozi. Ufunguo ukamwangukia kiganjani.

"Punda hana haja ya ufunguo," alisema. "Punda hufunguliwa."

Akarudi barazani, akauweka ufunguo juu ya kiti chake, akaukalia, akaendelea kushona.

Hakuna aliyecheka. Justus alihisi damu ikimpanda mpaka machoni. Ufunguo wake! Alipiga hatua tatu kumwendea mzee yule, na mkono wake ulikuwa umekwisha kukunja ngumi, ndipo akakumbuka. Mkono ukashuka wenyewe. Alisimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau aendako.

"Sema fidia yako," alisema hatimaye.

"Mapipa yale yaende nyuma," Mwinshehe alisema bila kuinua kichwa.

"Mapipa si yangu, mla nazi. Nitaukomboaje kwa kitu kisicho changu?"

"Basi na ufunguo si wako."

Justus alimsihi, akamtajia kuku, akamtajia shati lake jeupe la misa. Mwinshehe aliendelea kushona upindo wa kanzu. Bomba lilikuwa limefungwa. Wanawake hawapati, Ngollo hapati. Jua likapanda. Hapo Ngollo, ambaye hakuwa mtu wa mashauri, akauacha mkokoteni akaenda kumwita Bwana wake.

Bwana Kamba alikuja na Alois, na chepeo kichwani. Aliposikia mali ya serikali imetwaliwa, uso ulibadilika. Alimwendea Mwinshehe akamwambia huo ni wizi, na askari hawako mbali. Mwinshehe aliondoa mguu kwenye cherehani, akainuka kwa adabu, ila ufunguo akauacha palepale kitini.

"Sikuchukua kwako, Bwana," alisema. "Mimi na wewe hatutaniani, nakuheshimu. Nimechukua kwa mtani wangu, mbele ya watu. Kama amekasirika, mimi ni mwizi, niitieni askari. Muulizeni."

Alois akatafsiri. Bwana akamgeukia Justus. Watu wote wakamgeukia.

"Umekasirika?" Bwana aliuliza.

Hakuna swali rahisi kama hilo, na Justus alilipima pande zote mbili. Alikuwa amekasirika, ndiyo. Akisema hivyo, ufunguo utarudi kiunoni mwake sasa hivi, na Bwana atamwona mtumishi mwaminifu. Na Mwinshehe, aliyekula naye matanga na harusi kwa miaka yote hii, atatembezwa kwa askari na mikono nyuma. Lakini kama hakukasirika, ufunguo utabaki chini ya makalio ya Mzaramo, na Bwana atauliza huyu mlinzi analinda nini. Na tena, alikuwa amemkasirikia nani hasa? Alimtazama Mwinshehe. Akatazama chepeo. Hasira ilikuwapo, lakini haikusimama kwa mmoja. Ilizunguka kama nzi asiyejua pa kutua.

Ulimi wake ukajibu kabla yake.

"Mtani hakasirikiwi, Bwana," alisema. "Nawe ulisema ni desturi nzuri."

Alois alitafsiri huku akitazama chini. Bwana Kamba aliitazama koki iliyofungwa, kibao juu yake, wanawake na madebe yao yasiyosogea. Koleta alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Bwana aliingiza kidole katika ukosi wa shati lake kana kwamba umembana, akamwambia Ngollo neno moja fupi, akageuka akaenda zake kwa miguu.

Ngollo aliinua mkokoteni. Akayapitisha mapipa kando ya mstari wote, madebe na mitungi na ndoo, mpaka mwisho kabisa, akasimama nyuma ya bibi mmoja mzee, Marcelina, aliyekuja na kibuyu kidogo. Bibi akageuka, akayatazama mapipa, akasogea mbele kidogo kwa hofu kwamba yanataka kumpita. Ngollo akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye leo ni wa mwisho.

Mwinshehe aliupuliza ufunguo vumbi, akamrudishia Justus. Ukanda wa ngozi aliushona mwenyewe palepale kwa cherehani, akisema kazi hiyo ataidai siku ya arobaini ya punda. Kisha akaenda kuchukua birika lake, akapita mstari mzima, akajaziwa wa kwanza.

Siku mbili mapipa yalisimama mwisho. Siku ya tatu hayakuja. Mstari ulinyooka, hata wake za makarani wakarudi nyuma bila kuambiwa, na Koleta alileta vitumbua vya bure, jambo ambalo halijapata kuonekana. Bwana Kamba alipopita na motokaa aliinua chepeo kama kawaida, akasema, "Mtani," na mwisho wa juma ukapita, na ufunguo ukabaki. Jumapili uligonga benchi la kanisa. Justus alitoka misa kifua mbele, lakini akiulizwa ameshinda vipi, hakuweza kueleza.

Juma lililofuata walionekana vibarua na sululu upande wa juu wa mji, wakichimba mtaro. Ngollo alikuwa mmoja wao. Alisema wanapeleka bomba jipya nyumbani kwa Bwana, ili asisumbue tena watu wa Ng'ambo na mkokoteni wake. Watu walisifu. Bomba lile jipya lilichukuliwa kutoka kwenye bomba kubwa la bwawani, mahali linapopita kabla ya kufika kwa Champaklal.

Asubuhi moja Justus alizungusha ufunguo kama siku zote, na maji yakatoka membamba kama uzi wa Mwinshehe. Alidhani hajafungua vizuri. Alizungusha tena. Ufunguo ulifika mwisho wake, ukagoma. Debe la kwanza lilichukua muda wa mtu kusali rozari nzima, na mstari nyuma yake ulikuwa umenyooka kama kamba ya kupimia, kila mtu mahali pake, hapana aliyemsukuma mwenziwe.

"Mzee Justus," Koleta aliuliza, na safari hii hakuwa na mzaha, "hebu tueleze. Tulishinda au tulishindwa?"

Justus alisoma kibao, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mbele yake. Kila mtu kwa zamu yake. Hapakuwa na neno lililovunjwa. Alitafuta wa kumkasirikia, akakosa.

Makubazi yakasikika yanaburutwa. Mwinshehe alikuja na birika lake mpaka mbele, akainama, akautazama ule uzi wa maji unaoingia katika debe la watu, akautazama mstari. Justus alingoja tusi. Halikuja. Mzee yule aligeuka, akarudi polepole kando ya madebe yote, akaweka birika lake chini, mwisho wa mstari, akasimama nyuma yake.

"Mla nazi!" Justus alimwita. "Njoo mbele. Nani amekuruhusu kusimama huko?"

Mwinshehe alitikisa kichwa.

"Njoo, nakuambia. Punda wako anakuita."

Lakini Mwinshehe alibaki kule kule, mikono nyuma, akingoja zamu yake kama watu wengine. Na jambo hilo ndilo lililomtia Justus hofu kuliko yote yaliyopita, na hakuelewa kwa nini.